Majibu kwa Watetezi wa Simufilam

Tarehe 25 Novemba 2024, kampuni ya Cassava Sciences ya Austin, Texas, ilitangaza kwamba simufilam, dawa iliyobeba matumaini yake yote, haikuwasaidia wagonjwa wa Alzheimer. Wagonjwa 804 walikuwa wamefuatiliwa kwa wiki 52, na waliomeza dawa walizidi kudhoofika kiakili karibu sawa na waliomeza kidonge kitupu, yaani plasibo. Siku hiyohiyo hisa ya kampuni ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya thamani yake pale Nasdaq. Machi 2025 jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 1,100, likaleta jibu lilelile.

Dawa za Alzheimer hufeli mara nyingi, na kampuni ndogo za dawa huzaliwa na kufa kila mwaka bila mtu kuandika makala. Ninaandika hii kwa sababu ya utetezi uliobaki. Wapo wawekezaji wanaoshikilia hadi leo kwamba wenye shaka walibahatisha: kwamba mwaka 2021 ushahidi wote ulikuwa upande wa kampuni, na waliokataa kuuamini walikuwa wachoyo, wivu umewajaa, au wametumwa na kampuni kubwa za dawa. Nimezichukua hoja zao moja baada ya nyingine. Chache zina chembe ya ukweli, nami nitaikubali pale ilipo.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni kwamba wagonjwa walipata nafuu na nafuu hiyo ilipimwa. Februari 2021 kampuni ilitoa matokeo ya wagonjwa 50 wa kwanza waliotumia dawa kwa miezi sita. Alama zao katika kipimo cha ADAS-Cog, ambacho huhesabu makosa ya kumbukumbu na lugha kuanzia 0 hadi 70, zilikuwa zimepungua kwa wastani wa pointi 1.6. Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa kimataifa wa Alzheimer, wagonjwa 50 waliofikisha miezi tisa walionyesha nafuu ya pointi 3. Ugonjwa huu kwa kawaida haurudi nyuma. Kwa hiyo, wanasema watetezi, kama makosa yamepungua basi dawa imefanya kazi.

Jaribio hilo halikuwa na kundi la plasibo. Kila mgonjwa alijua anapewa dawa, familia yake ilijua, na daktari aliyempima alijua. Anayefanya mtihani uleule kwa mara ya tatu huuzoea. Mwenye matumaini hujitahidi zaidi, na msahihishaji mwenye matumaini huwa mkarimu. Halafu kuna jambo linalosemwa kwa nadra: wanaozidiwa sana huacha jaribio, hawafiki mwezi wa tisa, na ukiwahesabu waliofika tu umekwisha kuwachuja wagonjwa kabla hujafungua daftari. Hakuna hata moja kati ya haya linalomtuhumu mtu kwa ulaghai. Ndiyo maana plasibo ilibuniwa: watu waaminifu pia hujidanganya.

Na historia ilikuwepo ya kuonya. Mwaka 2008 dawa iitwayo Dimebon, iliyotokea Urusi na kuendelezwa na kampuni ndogo ya Medivation, ilichapishwa katika jarida la Lancet ikiwa na matokeo mazuri kwa wagonjwa 183. Jaribio lile lilikuwa na plasibo, tena lilidumu miezi. Pfizer ikaingia ubia. Machi 2010 jaribio kubwa likaonyesha dawa haina faida yoyote. Ikiwa matokeo yenye plasibo yanaweza kuyeyuka namna hiyo, ya wagonjwa 50 wasio na plasibo yalistahili kusubiriwa kwa utulivu. Badala yake bei ya hisa ilipaa, na siku chache baada ya tangazo la Februari kampuni iliuza hisa mpya na kuchangisha dola milioni 200.

Watetezi hukimbilia hapo kwenye jaribio dogo la 2023, lile la wagonjwa 157 ambao baadhi yao waliondolewa dawa na kupewa plasibo kwa miezi sita. Hilo lilikuwa na plasibo, wanasema, na dawa ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 38. Asilimia 38 ni namba nzuri ya kuweka kwenye kichwa cha habari. Ifungue ndani: kundi moja lilishuka takriban pointi 0.9, jingine 1.5. Tofauti ni nusu pointi na kitu katika kipimo cha pointi 70, na masafa ya uhakika wa kitakwimu yalijumuisha sifuri, maana yake matokeo hayo yangeweza kutokea hata kama dawa ni maji matupu. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa jaribio halikupangwa kwa ukubwa wa kutosha kuthibitisha jambo. Ukisema hivyo kwenye aya ya chini huku asilimia 38 ikiwa juu, unajua fika kipi kitasomwa.

Dai la pili ndilo lililonishughulisha zaidi. Linasema: acha vipimo vya kumbukumbu, tazama maabara. Alama za kibayolojia katika ugiligili wa uti wa mgongo zilibadilika, na mwili hauna matumaini wala ukarimu, kwa hiyo haudanganyi.

Mwili haudanganyi, lakini sampuli hupimwa na watu. Jaribio lenyewe lilikuwa na wagonjwa 64 waliopewa dawa au plasibo kwa siku 28. Mei 2020 matokeo ya kwanza yalitoka maabara ya nje: dawa haikubadilisha alama zilizotarajiwa. Hisa ikaanguka takriban robo tatu kwa siku moja. Kampuni ikasema takwimu zile zilikuwa na mtawanyiko usio wa kawaida, ikapeleka sampuli zilizobaki kupimwa upya kwingine, na Septemba 2020 ikatangaza kwamba sasa kila alama imeboreka. Bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Mtu asiyejua lolote kuhusu protini za ubongo angeweza kusimama hapo na kuuliza swali moja tu: safari ya pili alipima nani? Jibu lilikuwa Hoau-Yan Wang wa City University of New York. Huyu ndiye aliyeigundua simufilam pamoja na Lindsay Burns, ofisa mwandamizi wa sayansi ya neva wa kampuni na mke wa mkurugenzi mkuu, Remi Barbier. Ni sawa na mwalimu wa tuisheni kukabidhiwa mtihani wa taifa wa mwanafunzi wake ausahihishe upya baada ya msahihishaji wa kwanza kumfelisha. Huenda mwalimu yule ni mwadilifu kupindukia. Hata hivyo mzazi mwenye akili timamu hatalipa ada ya chuo kikuu kwa cheti hicho.

Kampuni ilijibu kwamba upimaji ulifanyika bila mpimaji kujua nani alipewa dawa na nani plasibo. Laiti ingekuwa hivyo. Septemba 2024 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani, SEC, ilidai kwamba Wang alikuwa amepewa taarifa zilizomwezesha kutambua baadhi ya wagonjwa, na kwamba aliyachezea matokeo. Juu ya hilo, ilisema tume, Burns aliondoa takwimu za takriban asilimia 40 ya wagonjwa kwenye kipimo cha kumbukumbu. Waliobaki walionyesha nafuu. Wote kwa pamoja hawakuonyesha nafuu inayopimika, na wawekezaji hawakuambiwa. Cassava ilikubali kulipa dola milioni 40. Barbier alilipa dola 175,000, Burns 85,000, na wote wawili walifungiwa kwa muda kuongoza kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Yote hayo yalimalizwa kwa makubaliano, bila wao kukiri wala kukanusha madai.

Nasisitiza jambo hili la kutokukiri kwa sababu watetezi hulishika kama ngao: hakuna aliyepatikana na hatia. Kweli. Wang pia alishtakiwa Juni 2024 kwa tuhuma za kuilaghai serikali kuhusu ruzuku za utafiti za takriban dola milioni 16, na mwaka 2025 waendesha mashtaka wenyewe wakaiondoa kesi. Kisheria ni mtu asiye na hatia, na anayemwita mhalifu anamkosea. Ila swali la mwekezaji halijawahi kuwa swali la hakimu. Hakimu huuliza kama kosa limethibitishwa pasipo shaka. Anayetaka kutoa akiba yake huuliza kama dai limethibitishwa. Mwaka 2020 dai la Cassava lilikuwa na matokeo mawili yanayopingana, na lile zuri lilitoka kwa mwenye dawa. Hilo halikuhitaji SEC.

Kipande kingine cha hoja hiyohiyo kinahusu damu. Agosti 2021, tuhuma nitakazozieleza hapa chini zilipopamba moto, kampuni ilijitetea kwamba vipimo vya damu vilifanywa na Quanterix, kampuni huru ya upimaji. Quanterix ikatoa taarifa yake: ilipima sampuli tu, haikutafsiri matokeo wala haikuandaa chati zilizoonyeshwa. Mara chache sana utaona mkandarasi akijitenga na mteja wake hadharani namna ile, tena haraka vile. Hisa ikateremka tena.

Twende kwenye hoja kwamba wakosoaji walisukumwa na faida. Agosti 2021 ombi liliwasilishwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, likitaka majaribio yasimamishwe kwa sababu picha za maabara katika makala za Wang zilionekana zimechezewa. Ilikuja kujulikana kwamba walio nyuma ya ombi, wanasayansi David Bredt na Geoffrey Pitt, walikuwa wamekopa hisa za Cassava na kuziuza, wakitarajia kuzinunua tena zikishuka na kubaki na tofauti. Watetezi wakapata walichotaka: ombi ni njama ya kuangusha bei.

Chembe ya ukweli ipo. Mtu anayefaidika kampuni ikianguka ana kila sababu ya kukuza kasoro na kunyamazia mazuri, na mimi siwezi kusoma ripoti ya namna hiyo bila kushika mfuko wangu. Ila maslahi ya mtu hukuambia wapi ukague. Hayakuambii utakuta nini. Picha zilizolalamikiwa zilikuwa zimechapishwa, mtu yeyote aliweza kuzikuza kwenye kompyuta yake. Elisabeth Bik, mtaalamu anayejulikana duniani kwa kubaini picha zilizorudufiwa kwenye makala za sayansi, alizitazama na kukubaliana na mengi ya malalamiko. Machi 2022 jarida la PLOS ONE liliziondoa makala tano za Wang. Wahariri wa PLOS ONE walikuwa wameuza hisa gani?

Na ukianza kupima ushahidi kwa maslahi, pima pande zote mbili. Agosti 2020, kati ya matokeo mabaya ya Mei na mazuri ya Septemba, Cassava iliweka mpango wa bonasi kwa viongozi wake uliofungwa kwenye thamani ya kampuni sokoni. Soma tena: thamani sokoni. Hisa ikipanda kwa habari za maabara, hesabu ya bonasi inapanda, hata kama hakuna mgonjwa mmoja aliyekwisha kuandikiwa dawa. Sijasikia mtetezi akikiita kitu hicho njama ya kupandisha bei.

Mwaka 2022 kampuni iliwashtaki baadhi ya wakosoaji kwa kuichafulia jina. Machi 2024 jaji aliitupa kesi.

Kuhusu FDA, hoja ina sura mbili na zote hupotosha. Ya kwanza: FDA ilikubaliana na kampuni juu ya mpango wa majaribio makubwa, jambo lililotangazwa Agosti 2021 wakati uleule tuhuma zinaibuka. Makubaliano ya aina hiyo yanahusu muundo wa jaribio, yaani idadi ya wagonjwa, muda na vipimo vitakavyotumika. Ni FDA kusema kwamba mtihani huu ukifaulu tutauheshimu. Mwanafunzi hajasema wala kuandika chochote. Ya pili: FDA ililikataa ombi la wakosoaji Februari 2022. Ililikataa kwa sababu njia ile ya maombi ya wananchi haikuwekwa kwa ajili ya kuanzisha uchunguzi. Kama picha ni halali au la, haikutamka. Wafuasi walishangilia kana kwamba mteja wao ameachiwa huru, na hisa ilipata nguvu. Mwaka huohuo wakaguzi wa FDA waliingia maabara ya Wang na kukuta kasoro katika uwekaji wa kumbukumbu na udhibiti wa vipimo, habari ambayo umma uliipata baadaye sana, mwaka 2024. Hapo nawahurumia wawekezaji, na lawama si yao peke yao: mamlaka iliyo na ripoti kama hiyo kabatini huku watu karibu 2,000 wakimeza vidonge ina maswali ya kujibu.

Zipo pia hoja za heshima: makala zilipitiwa na wataalamu, ruzuku zilitoka kwa Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Anayepitia makala huamini kwamba takwimu alizopewa zilikusanywa kweli. Hana ufunguo wa maabara ya mwandishi. Jarida la Journal of Neuroscience ni mfano mzuri. Novemba 2021 kampuni ilitangaza kwa fahari kwamba jarida hilo halikuona ushahidi wa udanganyifu katika makala ya 2012, makala ya msingi ya simufilam, na hisa ikaruka zaidi ya nusu ya bei yake. Haukupita muda jarida likatoa tamko la wasiwasi juu ya makala ileile. Chuo kikuu cha Wang nacho kilichunguza, na ripoti yake iliyovuja Oktoba 2023 ilieleza utovu mkubwa wa maadili na kwamba jopo halikuweza kupata takwimu ghafi za kuthibitisha au kukanusha. Uchunguzi ule ulisitishwa baada ya kuvuja, na ni haki kulisema hilo. Lakini utafiti wa miaka mingi, uliolipiwa na kodi za watu, halafu daftari la asili halionekani! Mtu wa duka la jumla angefungiwa leseni kwa uzembe mdogo kuliko huo.

Hoja ya bei haistahili mengi. Julai 2021 hisa moja ilifika takriban dola 135, thamani ya kampuni zaidi ya dola bilioni 5, na watetezi wakauliza kama soko zima linaweza kuwa limepumbazwa. Linaweza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampuni hii ilikuwa mgema mkongwe: ilianza mwaka 1998 kwa jina la Pain Therapeutics, ikatumia miaka mingi kuahidi dawa ya maumivu iitwayo Remoxy ambayo FDA iliikataa zaidi ya mara moja, kisha 2019 ikabadili jina. Kiongozi alikuwa yuleyule. Aliyenunua mwaka 2021 kwa kudhani ananunua kampuni mpya hakusoma hata ukurasa wa historia.

Sasa hoja ya mwisho, ile ya hekima baada ya tukio: kwamba mimi na wenzangu tunaandika leo kwa sababu matokeo tunayo, na kabla ya Novemba 2024 hakuna aliyeweza kujua. Hakuna aliyejua kwamba simufilam itafeli, hilo ni kweli kabisa. Dawa yenye ushahidi mbovu inaweza kufaulu kwa bahati. Lakini angalia tarehe. Mei 2020, matokeo mabaya ya maabara ya kwanza. Agosti 2020, bonasi iliyofungwa kwenye thamani sokoni. Septemba 2020, matokeo ya pili. Februari 2021, wagonjwa 50 bila plasibo, kisha dola milioni 200. Agosti 2021, picha na taarifa ya Quanterix. Kufikia Septemba 2021 kila kitu nilichotumia kuzijibu hoja za nafuu, maabara na bei, isipokuwa yale ya SEC na jaribio la 2023, kilikuwa hadharani, na hisa bado ilikuwa inauzwa kwa makumi ya dola. Miaka mitatu ilikuwapo ya kusoma.

Walioumia si wawekezaji tu. Ndani ya vikao vya wafuasi kulikuwa na watoto wa wagonjwa, watu walionunua hisa kwa sababu mama alikuwa hawatambui tena na walitaka kushiriki katika tiba yake kwa namna yoyote. Hao siwacheki. Ninachowakatalia ni kuitwa adui wa wagonjwa kila anayeuliza nani alipima, wakati majibu ya swali hilo ndiyo yangemwepushia mgonjwa mwaka mzima wa vidonge visivyo na faida.

Barbier na Burns waliondoka Julai 2024, na kampuni sasa ina uongozi mwingine. Simufilam haijazikwa. Mapema 2025 Cassava iliingia makubaliano na Chuo Kikuu cha Yale ili ielekezwe kwenye kifafa kinachoandamana na ugonjwa wa kurithi uitwao tuberous sclerosis, na watetezi wameanza kuandika kwamba tatizo lilikuwa ugonjwa, dawa ilikuwa sawa wakati wote. Msingi wa matumaini hayo ni kazi iliyofanywa Yale kwa panya. Safari hii angalau aliyepima panya hakuwa mgunduzi wa dawa, na hiyo ni hatua. Kwa binadamu bado hakuna kitu cha kusoma, kwa hiyo bado hakuna kitu cha kununua.